Umefikaje Hapa, Mayu?

Nyegezi ni mahali pa kushukia. Basi la Bukoba, la Geita, la Sengerema, la Shinyanga, yote hupita hapa kabla ya kuingia Mwanza mjini, na abiria wengi safari yao ya basi huishia hapahapa. Wageni huitambua Nyegezi kwa vyuo vyake: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe, chuo cha uvuvi, seminari. Sisi wakunga tuliijua kwa jambo jingine. Mwanamke mwenye barua ya rufaa kutoka ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza alipita hapa akiwa ameshikwa mkono na mama mkwe, beseni la nguo likibebwa na wifi, ndipo watafute gari la kuwafikisha kilimani Bugando. Ni kama kilomita kumi tu. Kwa mwenye uchungu wa siku ya pili, hizo kumi zilikuwa ndizo ndefu.

Nimestaafu, ninaishi upande wa kwenda Malimbe, na nimeombwa mara nyingi na vijana wa chuo nieleze historia ya huduma za uzazi katika ukanda huu. Wao hutaka tarehe za majengo. Mimi nitafuata barabara.

Nilianza ukunga mwanzoni mwa miaka ya themanini katika hospitali ambayo sitaitaja, kwa sababu mengine nitakayoyasema hayaipendezi. Daktari wetu wa wodi ya wazazi alikuwa Mhaya, mrefu, mwenye kikohozi cha sigara, asiye na maneno mengi. Alipofika kitandani hakuanza na faili. Alivuta stuli, akakaa mpaka macho yake na ya mgonjwa yakawa usawa mmoja, akasalimia kwa Kisukuma chake kibovu, "Mwangaluka, mayu," kisha akauliza: umefikaje hapa?

Sisi wanafunzi tuliona anapoteza muda. Mgonjwa angejibu polepole: kwa baiskeli mpaka mwaloni, kwa mtumbwi mpaka ng'ambo, tukalala kwa watu, asubuhi tukapata lori la pamba. Daktari aliandika saa pembeni mwa karatasi. Hadithi ilipokwisha alikuwa amejua uchungu ulianza lini, kwa uhakika kuliko ilivyosema barua ya rufaa. Alijua mama amekaa muda gani bila kukojoa. Alijua nani amebaki na watoto, nani anashika pesa, na kama kuna mtu wa kutoa damu. Hayo yote yaliingia kwenye matibabu. Sijawahi kumsikia akimwambia mgonjwa pole zaidi ya mara moja, lakini sijaona daktari mwenye huruma kumzidi. Tangu wakati ule ninapima huruma ya hospitali kwa hesabu moja: imempunguzia mwanamke safari ngapi?

Zamani safari haikuwa yake. Mkunga wa jadi ndiye aliyesafiri. Aliamshwa usiku, akafuata njia ya ng'ombe mpaka kwenye mji wenye mzazi, akakaa mpaka kondo la nyuma litoke. Ujuzi wake ulikuwa na mipaka, na sitaki kuupamba. Nimepokea wanawake waliotoka mikononi mwa wakunga hao wakiwa hawana damu iliyobaki mwilini. Lakini alikuja. Wasukuma waliweka kumbukumbu za kazi hiyo katika majina. Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni yule anayewafuata, Mabula na Kabula walikuta mvua inanyesha. Shangazi yangu anaitwa Kashinje, jina la mtoto aliyetanguliza miguu. Nilipokuwa nikifungua rejista ya wazazi, majina ya akina mama wenyewe yalikuwa yananieleza mambo ya uzazi wa bibi zao kabla sijauliza swali. Kila Kashinje aliye hai ni ushahidi kwamba palikuwa na mikono iliyojua kumtoa mtoto wa miguu bila thieta. Wale ambao hawakutoka salama hawakuacha jina, kwa hiyo rejista hiyo ya majina inasema nusu ya ukweli.

Hata upasuaji haukuwa mgeni kabisa katika nchi za maziwa makuu. Mwaka 1879 kijana wa Kiingereza aliyeitwa Robert Felkin, aliyekuwa akisomea udaktari, alimshuhudia fundi wa Bunyoro, mahali paitwapo Kahura, akimpasua mzazi na kumtoa mtoto. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi. Fundi akaosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe hiyohiyo, akachoma mishipa iliyovuja damu kwa chuma cha moto, akafunga kidonda kwa misumari myembamba ya chuma na nyuzi za gome, kisha akakipaka dawa ya mizizi iliyotafunwa. Felkin aliichapisha habari hiyo mwaka 1884 katika jarida la madaktari la Edinburgh, na akaandika kwamba mama na mtoto walikuwa hai alipoondoka. Wakati ule Ulaya yenyewe wanawake wengi waliopasuliwa hivyo walikufa. Nawakumbusha wanafunzi habari hii kila wanapodhani kwamba kisu kilikuja na meli.

Wamisionari walipofika ufukweni, Bukumbi mwaka 1883 na Nassa mwaka 1888, walikuja na madarasa, maungamo na chupa za dawa. Uzazi waliuacha kwa muda mrefu mikononi mwa wenyewe. Upande wa kaskazini wa ziwa, Albert Cook na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, waliishika kazi hiyo kwa nguvu huko Mengo, na mwaka 1918 wakaanzisha shule ya wakunga Namirembe. Kwetu, Dk. Nina Maynard, Mmarekani wa African Inland Mission, alitibu Kolandoto karibu na Shinyanga, na Kanisa Katoliki likajenga hospitali ya Sumve. Wanawake wa Kwimba bado husema "nilizaliwa Sumve" kama watu wa pwani wanavyotaja mtaa. Ila angalieni kilichotokea: mkunga alitulia jengoni, na mzazi ndiye akaanza kutembea. Kila kizuri kilichofuata, damu ya kuongezewa, dripu, thieta, kilikuwa mwisho wa barabara ambayo mwanamke alitakiwa kuimaliza kwa miguu yake mwenyewe. Mabadiliko hayo hayakupigiwa kelele na mtu, wala sidhani kuna aliyeyapanga.

Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, jengo la ghorofa nyingi juu ya kilima, linaonekana na mvuvi akiwa mbali ziwani. Serikali iliichukua mwaka uliofuata, na mwaka 1985 ikarudishwa chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki kwa makubaliano ya kuendelea kuwa hospitali ya rufaa ya watu wote. Mwaka 2003 chuo cha udaktari kilianza palepale kilimani, kikiwa tawi la chuo chetu cha Malimbe. Hivyo madaktari wa kwanza kufundwa Mwanza walikuwa, kwa karatasi, wanafunzi wa Nyegezi, ingawa maiti zao za kujifunzia zilikuwa Bugando. Hospitali kubwa ina faida zake. Ina kasoro pia: kadiri inavyosifika ndivyo wengine wanavyopeleka wagonjwa huko badala ya kutibu walichoweza kutibu. Nimeona barua za rufaa zilizoandikwa ili kifo kisitokee kwenye zamu ya mwandishi.

Daktari aliyelikataa jambo hilo kwa vitendo alikuwa upande wa ziwa jingine. Godfrey Mbaruku, bingwa wa magonjwa ya wanawake, alifanya kazi katika hospitali ya mkoa wa Kigoma miaka ya themanini. Kigoma ile ilikuwa mwisho wa reli, na hakukuwa na pa kumpeleka mgonjwa. Alikaa na wenzake wakapitia mafaili ya akina mama waliokufa, wakachunguza kila kifo kilitokana na nini, kisha wakatengeneza orodha ya mambo 22 ya kubadilisha kwa kutumia kilichokuwapo. Hakuna lililohitaji jengo jipya. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya akina mama katika hospitali hiyo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1995 pamoja na Staffan Bergström wa Sweden. Mbaruku alifariki mwaka 2018, na naona jina lake halitajwi vya kutosha. Watu hupenda daktari mwenye kisa cha kuliza. Yeye aliacha jedwali.

Kuna kundi jingine lisiloimbwa: madaktari wasaidizi, wale tuliowaita AMO. Nchi yetu ilianza kuwafundisha miaka ya sitini, na wao ndio waliowapasua wazazi katika hospitali za wilaya, usiku, kwa taa ya chemli jenereta ilipogoma. Watafiti waliolinganisha kazi yao na ya madaktari wenye shahada katika hospitali za Mwanza na Kigoma, Mbaruku akiwa miongoni mwao, hawakuona tofauti ya maana katika matokeo kwa mama wala mtoto. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2009. Wakunga tungeweza kuyasema bila kulipwa posho.

Niseme kidogo juu ya uzazi wa mpango, maana hapo ndipo yule Mhaya wetu aliponifundisha jambo la pili. Chama cha uzazi wa mpango, UMATI, kilianza Dar es Salaam mwaka 1959, na mpango wa taifa ukaja miaka thelathini baadaye. Miaka ya tisini ilikuwa ya Nyota ya Kijani, nembo ya uzazi wa mpango, ukutani na mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ambamo dereva Mkwaju aliwafanya wanaume wa mwaloni wanyamaze saa ya kusikiliza. Kwenye chumba chetu mambo yalikuwa magumu zaidi ya redio. Wauguzi wengi walidai mwanamke alete ruhusa ya mume. Haikuwa sheria, yalikuwa mazoea, lakini mazoea ya mwenye gauni jeupe ni sheria kwa aliyekaa kwenye benchi. Daktari alituambia: mkimrudisha akalete ruhusa, mmemwongezea safari mbili na ugomvi mmoja. Wanawake walipenda sindano ya miezi mitatu kwa sababu vidonge hufichwa chini ya mchele na hupatikana. Alituagiza tusiandike neno kwenye kadi ya kliniki ambayo baba angeisoma. Tarehe ya kurudi tuliiweka siku ya gulio, ili mwanamke aonekane ameenda kununua dagaa, na dagaa kweli alirudi nao.

Mwanza imeipa dunia somo katika mambo haya, ingawa mwenyeji wa kawaida hajui. Kati ya 1991 na 1994 watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba (NIMR), shirika la AMREF na chuo cha London walichukua jumuiya 12 za vijijini mkoani Mwanza. Katika sita waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vilivyokuwapo: wahudumu walifundishwa kutibu kwa dalili, dawa zikahakikishwa zipo. Sita nyingine zilisubiri. Maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI katika jumuiya zilizohudumiwa yalipungua kwa karibu asilimia 40, na matokeo yalipochapishwa mwaka 1995 yalisomwa kila mahali. Wataalamu huizungumzia kazi hiyo kwa hesabu zake. Mimi nilikuwa upande wa benchi, na nilichokiona ni hiki: mwanamke mwenye uchafu ukeni, aliyekusanya ujasiri wa wiki nzima, alipewa dawa siku ileile. Zamani aliambiwa apeleke kipimo mjini na arudi kuchukua majibu. Hakurudi. Haya ina nauli yake, na hakuwa nayo mara mbili.

Sasa nifike kwenye fistula, ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Uchungu ukikwama, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu kwenye mfupa wa nyonga. Damu haipiti. Saa zikizidi, nyama hiyo hufa, na baada ya siku chache inabanduka na kuacha tundu. Mtoto mara nyingi ameshafariki. Mama anaamka asubuhi amelowa, anadhani ni jasho au maziwa, kisha anagundua mkojo unatoka wenyewe na hauzuiliki, usiku na mchana. Wakati mwingine tundu liko upande wa njia ya haja kubwa. Hakuna kidonda kinachoonekana, hakuna homa. Kuna harufu. Mume huvumilia mwezi, miezi, wengine miaka, na wapo waliovumilia daima. Nawataja kwa sababu simulizi za wafadhili huwasahau. Lakini wengi wa wale niliowapokea walikuwa wamerudi kwa mama zao, wakilala kwenye kibanda cha peke yao, wakifua vitambaa ziwani alfajiri kabla wengine hawajafika.

Upasuaji wa kuliziba tundu hilo una historia chafu. J. Marion Sims alijifunzia kati ya 1845 na 1849 kwa kuwapasua watumwa huko Montgomery, Alabama. Majina matatu yamebaki: Anarcha, Betsey na Lucy. Hawakupewa dawa ya usingizi. Anarcha alipasuliwa karibu mara 30. Sims akapewa sanamu New York, na mwaka 2018 ikaondolewa bustanini. Hivyo kazi inayohitaji huruma kuliko zote katika fani yetu ilizaliwa bila huruma hata chembe, na walioipa huruma ni waliokuja baadaye: Reginald na Catherine Hamlin waliofika Addis Ababa mwaka 1959 na kujenga hospitali ya wagonjwa hao peke yao, na huku kwetu madaktari wa AMREF waliozunguka kwa ndege, kama Mholanzi Thomas Raassen, ambaye aliwapasua wanawake na kuwafundisha wenyeji kazi hiyo katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki.

Mwanza ilipata mradi wake wa fistula Bugando katika miaka ya tisini. Dk. Zachariah Berege, Dk. Balthazar Gumodoka na Maggie Bangser, Mmarekani aliyekuwa akiishi Mwanza, waliueleza kwa maandishi mwaka 1999 kuwa ni mradi wa kumtazama mgonjwa kwa ukamilifu, yaani upasuaji pamoja na maisha yanayouzunguka. Kutoka humo likakua shirika la Utu Mwanamke. Mwaka 2006 shirika hilo na wenzake walitoa utafiti uliofanywa Singida Vijijini, Songea Vijijini na visiwani Ukerewe, kwa kuwasikiliza wanawake wenye fistula, waume wao na ndugu zao. Majibu yao yalivunja simulizi mbili. Kwanza, fistula haikuwa ya wasichana wadogo peke yao. Walikuwapo watu wazima, wenye watoto wengine. Pili, karibu wote walikuwa wamehudhuria kliniki ya wajawazito. Walipimwa uzito, wakachomwa sindano ya pepopunda, wakarudi nyumbani bila kuambiwa afanye nini mtu uchungu ukipitiliza, wala gari litapatikana wapi.

Ukerewe! Kutoka Nansio kuja Mwanza ni meli, na meli ina ratiba, uchungu hauna.

Wodi ya fistula ilikuwa na utaratibu wake. Mpira wa mkojo unakaa siku 14 baada ya upasuaji, na muuguzi anatakiwa ahakikishe haujaziba, mchana na usiku. Ukiziba saa chache, kibofu hujaa na mshono unaachia. Kwa hiyo kazi nzuri ya daktari wa saa mbili inalindwa na muuguzi kwa wiki mbili. Wagonjwa walihimizwa kunywa maji mengi, nao ni watu waliojizoeza kwa miaka kutokunywa maji ili wasilowe. Tulibembelezana juu ya kikombe cha maji kama na mtoto wa kuachishwa ziwa. Wenyewe kwa wenyewe walisaidiana kuliko tulivyowasaidia. Aliyekuja kwa mara ya kwanza alikuwa anadhani ni yeye peke yake duniani mwenye ugonjwa huo, na hapo anakuta vitanda vimejaa wenzake, mmoja anasuka nywele, mwingine anacheka.

Tiba ilikuwa bure, kwa fedha za wafadhili. Bado wengi hawakuja. Mwanzoni ilidhaniwa ni ujinga, au imani za uchawi, na semina zikafanywa. Kumbe walikuwa wanajua. Nauli ndiyo iliyokuwa haipo, na pengine kijijini mgonjwa aliambiwa asubiri miezi mitatu kidonda kipone ndipo apasuliwe, akaenda nyumbani kusubiri, na nyumbani pakammeza. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ndiyo iliyopata jibu rahisi: kuanzia mwaka 2009 ilituma nauli kwa M-Pesa kwa balozi wa kujitolea aliyekuwa karibu na mgonjwa, naye akampandisha basi. Mgonjwa akipokelewa hospitali, balozi hupata kifuta jasho. Wagonjwa wakaongezeka. Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka Mhaya wangu na stuli yake. Alikuwa akiuliza swali hilo miaka zaidi ya ishirini kabla ya simu kujua kubeba pesa.

Kuna jambo ambalo nauli haiponyi, nalo ni kauli zetu. Leba nyingi nilizozijua zilikuwa na maneno yake: "Ulipokuwa unafanya hukulia." "Usinipigie kelele." "Ukimuua mtoto shauri yako." Mama alikuja bila glovu, bila makintoshi, bila uzi wa kitovu, akatukanwa kabla ya kupimwa. Huduma kwa wajawazito ilisamehewa malipo uchangiaji ulipoanza miaka ya tisini, lakini glovu zilikuwa hazipo, na muuguzi aliye peke yake na wazazi wanane alimalizia hasira kwa aliye karibu. Naeleza tu, situtetei. Utafiti wa mradi wa Staha huko Korogwe na Muheza, ambao Mbaruku alikuwamo pia, uliwauliza akina mama walipokuwa wanatoka hospitalini: asilimia 19 walisema walitendewa vibaya. Walipofuatwa majumbani wiki kadhaa baadaye wakawa asilimia 28. Nyumbani ulimi hulegea.

Mwanamke huyo, safari ijayo, haji. Anamwita jirani. Kwa hiyo kauli ya leba huzalisha fistula kwa hakika kama barabara mbovu, na hospitali ikitaka kupunguza vifo ianze na mdomo. Kigoma walijaribu kati ya 2016 na 2018, kupitia shirika la Thamini Uhai, kumruhusu mzazi awe na mwenzake wa kumshika mkono leba. Mwanzoni wauguzi waliogopa ushahidi. Naelewa kwa nini.

Huku kwetu barabara imebadilika. Mwaka 2013 mpango wa majaribio ulianza Sengerema na Shinyanga, ambao sasa nchi nzima inauita m-mama: unapiga 115 bila malipo, mtu wa zamu anatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo anamtuma dereva wa teksi aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mzazi. Hakuna tena kubishana juu ya mafuta huku mama amelala kwenye toroli. Kati ya utafiti wa taifa wa 2015/16 na ule wa 2022, vifo vya uzazi nchini vimeshuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, na wanaojifungulia kwenye vituo wamefika asilimia 81. Sababu ni nyingi, na kila idara hudai yake.

Halafu kuna daraja. Juni 19, 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita tatu, juu ya Ghuba ya Mwanza, na kivuko kikamaliza kazi yake pale. Vijana wanalipigia picha. Mimi nilipolivuka mara ya kwanza nilihesabu dakika nikiangalia saa ya basi, na jirani yangu kwenye kiti akaniuliza kama nimechelewa kitu. Nilimwambia ndiyo, na sikumweleza.

Hata chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi imefuata hesabu hiyohiyo. Wasichana 930 wa Mwanza walishiriki utafiti wa kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Kinga ya dozi moja ikaonekana inadumu, Shirika la Afya Duniani likaikubali dozi moja mwaka 2022, na tangu 2024 binti wa Tanzania huchanjwa mara moja. Dozi tatu zilikuwa safari tatu.

Linalonisumbua ni la kurudi. Mwanamke aliyepona fistula huambiwa akae miezi kadhaa bila kukutana na mume, na mimba ijayo ajifungue kwa upasuaji tu, mshono usije ukafumuka. Tunayaandika hayo kwenye karatasi, tunaikunja, anaitia kwenye pindo la kanga. Baada ya miaka miwili au mitatu yuko Kome au Ukara, ana mimba, karatasi imeshachakaa, na muuguzi wa zahanati ya kisiwani ni mgeni. Anatakiwa aje Mwanza wiki kadhaa kabla ya uchungu, akae mahali karibu na hospitali, ale, alipie godoro. 115 hupigwa mtu akizidiwa, na yeye hajazidiwa bado. Kwa hiyo wapo wanaokuja kujikodishia chumba huku Nyegezi, ambako kodi ni nafuu kuliko mjini, wanasubiri siku yao kwa kupaa samaki wa watu ufukweni. Wawili wako nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mmoja anatarajiwa mwisho wa mwezi, na nauli ya bajaji ya usiku tumeshaiweka pembeni.